Kitambaa cha Buluu Juu ya Jeneza la Mama Lea

Baba Mchungaji, ndugu na majirani, mimi Nehemia, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea safari ya mama yetu, na kwa kuwa tangu asubuhi mnanong'ona kwa nini jeneza lake limefunikwa buluu badala ya nyeupe, vumilieni, jibu limo humu, nasi wanawe tumelipata juzi tu.

Mama Lea Ernesti alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 Muheza, na mwaka 1942 akahamia kisiwa cha Fungu la Kasa, mbele ya Moa, ambako baba yake, Ernesti Asheri, aliendesha boti ya kambi ndogo ya jeshi wakati wa vita, akifunga vitambaa vyeupe kwenye maboya ili ndege zinazotua majini zijue penye kina. Tarehe 14 Agosti 1943 ndege moja ilitua juu ya mwamba, ikapasuka, wanajeshi wawili wakafa, na babu akafukuzwa eti aliweka alama ovyo, akaishia kukata mkonge hadi alipofariki mwaka 1961, jina lake likiwa limechafuka Muheza nzima.

Mama alisoma Tanga mjini hadi darasa la nane, akachaguliwa kusomea uuguzi, akakataa, kisa sare nyeupe, akawa mwalimu, na akafundisha Kigombe kuanzia 1954 hadi alipostaafu mwaka 1989. Alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Rafaeli, tarehe 8 Desemba 1956, kwa gauni la waridi, jambo ambalo mashangazi hawajamaliza kulisema mpaka leo, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Ritha, na nyumbani kwetu shuka nyeupe haikuvuka mlango. Kila tukiuliza, alitutuma maji.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2025, na tarehe 2 Juni, akiwa wodini, alimwandikisha Ritha maneno haya, akaagiza yasomwe hapa bila kurukwa hata moja: kwamba kila mvuvi hufunga kitambaa chake kwenye boya la dema, yaani mtego wa samaki, ili alijue kwa mbali, na vya jirani yao, Mzee Uweso, vilikuwa vimechakaa, basi yeye Lea, kwa kumhurumia, akachana shuka nyeupe ya baba yake na kuvibadilisha maboya yakiwa bado ufukweni, Uweso akaenda kutega mwambani, na rubani akazifuata alama zile. Kwamba alimwona baba yake akiondolewa kisiwani, akanyamaza kwa hofu, kisha akanyamaza kwa aibu, hadi baba akafa hajui.

Mama alifariki tarehe 5 Juni, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 91. Nakiri nilimkasirikia kwa siku nzima, halafu nikalia, maana mtoto wa miaka tisa angejua nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake mliofika mkitembelea mikongojo. Nanyi wa kutoka Muheza, mkirudi semeni popote, Ernesti Asheri aliweka alama zake sawasawa. Mama, yamesomwa yote, sikuruka neno, mwambie baba yako, nanyi wawili mpumzike kwa amani.