Sahihi ya Bibi kwa Darasa la Kompyuta

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja lenye msumari unaochungulia na viti viwili vya plastiki, kati ya banda la kinyozi na banda la fundi redio. Kahawa ilikuwa ya Bibi, mwembamba wa mwili, mkali wa ulimi, na sheria zake hazikuandikwa popote: kila mtu na kikombe chake, birika haliguswi, ukinyanyuka rudisha kiti. Alasiri hiyo alimimina kimya kimya, wateja wakajua kuna jambo. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjukuu wake, aliyemlea tangu wa kubebwa mgongoni, alikuwa amepewa jana shuleni sheria za darasa la kompyuta. Mlezi atie sahihi, karatasi irudi kesho kabla ya kengele. Isiporudi, kiti anapewa mwingine. Mashine ni ishirini, wanaozitaka arobaini. Bibi aliishia darasa la pili. Jina lake analiandika, lakini kwa jasho.

— Someni, alisema. Na msinitie maneno yasiyomo.

Kinyozi akaikunjua, akaisogeza mbali na macho.

— "Mwanafunzi hatampa mtu yeyote nywila yake." Nywila ni neno la siri, Bibi. La kufungulia mashine.

— Mtu yeyote, hata mimi?

— Wameandika yeyote.

— Mimi niliyemwogesha?

— Ndipo wanapoanzia hapo, alisema Mstaafu, aliyeendesha lori miaka thelathini na bado anaongea kama anapiga honi. Leo anakuficha neno, kesho anakuficha alikokwenda, keshokutwa unasikia kaolewa!

— Ngoja hii, alisema Kinyozi. "Atajifunza kuandika kwa vidole vyote kumi bila kuvitazama."

— Kha! Vidole vyake mwenyewe asivitazame?

— Ili macho yabaki kwenye kioo, alisema Fundi Redio, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema sijui. Kile kioo nacho kinakutazama. Kinahesabu unapepesa mara ngapi.

— Ili iweje?

— Wakijua unavyopepesa, wanajua unachowaza. Mtoto akiwaza chakula, wao wanajua kwako mmepika nini.

— Wamekosa kazi hao, alisema Bibi, lakini akaitupia karatasi jicho.

— Si chakula tu, Mstaafu akadakia. Vidole kumi, Bibi! Wanakomba alama zote. Halafu mashine inaandika yenyewe kwa mkono wa mjukuu wako, yeye yuko nyumbani anafua. Unaletewa barua: nyumba umeigawa. Ukikataa, wanakuonyesha sahihi ya nani?

Bibi akaichukua karatasi, akaikunja.

— Basi haendi. Kalamu inamtosha.

Aliyasema makavu, ila moyoni palimuuma. Asubuhi alimkuta mjukuu mezani na kipande cha boksi alichokichorea herufi zote kwa penseli, anazigonga kwa vidole kumi, macho kafumba, midomo inacheza. Hakumsikia hata alipoitwa kunywa chai.

Hapo ndipo alipokuja mshonaji, aliyeweka cherehani yake jirani juzi tu.

— Shikamoo Bibi. Nipatie kimoja.

— Marahaba. Kaa, ukiweza kuvumilia kelele za hawa.

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Samahani wazee wangu, aliuliza. Nani kati yenu amewahi kukaa mbele ya hiyo mashine?

Kinyozi akakung'uta nywele ambazo hazikuwepo shatini. Mstaafu akaitazama barabara.

— Mimi niliwahi kuifungua moja, alisema Fundi Redio.

— Ikawaka?

Fundi akanywa kikombe kitupu.

— Nisomee wewe, Bibi akampa karatasi. Taratibu. Na nyie, midomo!

— "Kila mwanafunzi atatumia mashine aliyopangiwa."

— Kila mtu na kikombe chake, alisema Bibi polepole. Endelea.

— "Asiguse kazi ya mwenzake. Asilete kinywaji karibu na mashine."

Bibi akaangalia duara la kahawa ambalo kikombe cha Kinyozi kilishaliacha pembeni mwa karatasi, akamwangalia na Kinyozi.

— Hiyo ningeiandika mimi. Na hivyo vidole?

— Kama wewe tu, Bibi. Tangu nifike umejaza vikombe vitatu, macho yako yote kwenye karatasi. Halijamwagika hata tone.

Bibi akaitazama mikono yake kana kwamba ya mtu mwingine.

— Na siri anayonyimwa hata bibi yake?

Kinyozi akaangua kicheko.

— Kipimo cha kahawa yako nakiomba mwaka wa sita huu!

— Na utakufa hujakijua, alisema Bibi. Kisha akaigeukia karatasi. Kumbe!

Akaomba kalamu. Akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi katikati ya meno, akilikwepa lile duara, hadi herufi ya mwisho. Alipoinua kichwa, pumzi aliyoibana tangu jana jioni ilimtoka yote.

— Kahawa imekwisha. Nendeni kwenu.

Wakanyanyuka, wakapiga hatua tatu.

— Viti!

Wakarudi mbio kuviegemeza ukutani. Mshonaji akachungulia karatasi.

— Hiyo nayo imo, Bibi. Namba tisa.

— Ingekosaje? alisema Bibi, akaikunja mara nne.