Gari la Manirakiza

Sikilizeni, wanangu, ingieni ndani na mkae karibu, kwa maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Frédéric, wewe kaa huku kichwani. Noella, nisukumie mto mgongoni. Basi, hapo hapo. Padri alikuja jana, akanipaka mafuta, nami nikamwambia yale mtu anayomwambia padri. Lakini padri hawezi kuvuka mpaka kwa niaba yangu, na neno nililo nalo haliishi kwa kusamehewa na mtu ambaye sikumkosea. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa nikiwa nimeshafunikwa udongo, wakati ninyi ndio mtakaobaki na aibu.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo. Nyumba hii ya Nyamianda, hapa Uvira, ni yenu wote wawili, na haiuzwi maadamu shangazi yenu Agnès analala ndani yake. Shamba la mihogo la Makobola ni la Frédéric. Vyombo vya garaji, funguo zote, jeki mbili na lile sanduku la baba yangu, ni vya Noella, kwa sababu yeye ndiye mwenye mikono. Watu watasema vyombo hivyo si vya mwanamke. Anayesema hivyo, mwanangu, mwambie alete gari lake siku litakapokataa kuwaka.

Sasa gari. Frédéric, najua umekwisha kuongea na yule muntu wa Bukavu anayelitaka. Usiinamishe kichwa, sikukasirikii. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Ila hutaliuza, kwa sababu huwezi kuuza kisicho cha baba yako. Maisha yenu yote mmelisikia likiitwa gari la Cyprien, nami nikaitikia. Lile ni gari la Manirakiza.

Wewe Frédéric utamkumbuka, Noella labda kidogo: mtu mrefu, mpiga bati, mume wa Niyonsaba, mzaliwa wa bonde la Ruzizi, aliyesema Kirundi kwake, Kiswahili kwetu, na Kifuliiru kibovu cha kutuchekesha. Mwaka ule wa uporaji, askari walipovunja maduka na wageni wengi wakakimbia, Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki aliacha Kalundu gari lake la mbio, Celica ya zamani ya milango miwili, limekaa juu ya mawe bandani, halina magurudumu, halina kioo cha mbele, na kuku wa mlinzi wanatagia vitini. Karatasi zake alikuwa nazo mlinzi. Mimi nikatoa baiskeli yangu, Manirakiza akatoa redio yake, tukalivika magurudumu ya kuazima, tukalisukuma mpaka hapa na kuku mmoja ndani aliyekataa kushuka.

Miaka minne tulilijenga kwa vitu vilivyotupwa na wengine. Gari lile lilizaliwa kwa barabara laini, tumbo lake liligusa chini kwenye kila shimo, basi tukaliinua kwa resori, yaani springi, za pikap iliyopinduka Kavimvira, tukizikata kwa msumeno wa mkono siku mbili nzima. Lile bawa la nyuma mnaloliona, Manirakiza alilipiga kutoka kwenye pipa la mafuta, nyundo mkononi na jiwe chini, akilitazama kwenye ukurasa wa gazeti alioubandika ukutani. Usukani alituchongea fundi wa mitumbwi. Viti vilishonwa kwa turubai. Rangi nyekundu ni rangi ya mitumbwi, mabaki ya kopo moja moja tuliyopewa bandarini, ndiyo maana mlango wa kushoto haufanani na wa kulia. Karbirateri mbili nilizitoa kwenye magari mawili yaliyokufa, nikazifundisha kupumua pamoja, na siku lilipowaka, mlio wake ulisikika mpaka sokoni. Manirakiza alicheka, akachukua brashi, akaandika nyuma kwa Kirundi, Buhorobuhoro, yaani polepole, na watu wakasimama njiani kucheka, maana hapakuwa na gari Uvira lisilojua polepole kama lile.

Tukawa tunalikodisha kwa arusi. Mkubwa mmoja wa askari akalipenda, akawa analichukua Jumapili kutembea kando ya ziwa, na askari wake wa bariyeri, wale wa kizuizi cha njiani, wakazoea: wakisikia ule mlio tu, wanafungua kamba bila kuuliza ni nani. Shikeni neno hilo, kwa kuwa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Ulipofika mwezi wa tisa wa mwaka wa tisini na sita, watu walianza kuulizana luga ya nyumbani, na aliyesema Kirundi akaitwa adui. Mnajua yaliyotokea, sina pumzi ya kuyarudia. Majirani tuliokula nao walipita wameinamisha macho, vijana wakashika fimbo. Mimi nilichukua brashi, nikalifuta lile neno la Kirundi nyuma ya gari. Manirakiza alinikuta rangi haijakauka. Nikamwambia ni kwa kulilinda gari. Akasema, "Motokari umeilinda, Papa Fredi. Na minye?"

Yeye je? Nikainama nikaosha brashi.

Siku ya tatu yake akaja jioni, akakaa kwenye kile kibao cha uani. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia kwake kabla ya kuja.

"Kesho asubuhi minye nitaondoka. Niyonsaba iko karibu kuzaa, miguu imemuvimba, haiwezi kumuvukisha mupaka mpaka Gatumba. Nipe motokari. Weye unajua, wakisikia ule mlio watafungua, hakuna muntu atachungulia ndani. Nikifika ngambo nitamupa muntu airudishe."

"Ni yako pia," nilimwambia. "Chukua."

Hayo niliyasema kwa kinywa, wanangu, na moyo wa mtu ni msitu. Alipoondoka nilibaki nimekaa. Niliwaza kwamba gari likivuka halitarudi. Kwamba huko ngambo mtu mwenye njaa ataliuza. Kwamba miaka yangu minne itakwenda na mtu ambaye, nikasema moyoni, hata hivyo ataponea mahali. Nilijua ninajidanganya, na bado nikainuka. Kabla ya chakula niliingia bandani, nikafungua kofia ya delko, nikatoa kile kidole cha ndani, kitu kisichozidi dole gumba, ambacho kikikosekana moto haufiki kwenye mashine. Nikakitia mfukoni. Nikaja nikala ugali na ndagala pamoja nanyi, na wewe Noella ulikaa mapajani mwangu.

Alfajiri nilisikia mashine inazungushwa. Ikazungushwa tena, na tena, kila mara kwa nguvu ndogo zaidi, mpaka batri ikawa inakohoa tu. Kisha kimya, kisha nikasikia boneti inafunguliwa. Hakuwa fundi wa mashine, lakini miaka minne alikuwa amesimama kando yangu, alijua pa kutazama. Akaja kubisha. Nikajifunika blanketi nikamwambia mama yenu, "Mwambie nimekwenda Kalundu." Marie-Jeanne alinitazama. Alikuwa ameona nguo yangu imeshikwa na mafuta jioni ile, na hakuwa mwanamke wa kuelezwa jambo mara mbili. Akaenda mlangoni.

"Mama Fredi, Papa iko?"

"Ameenda Kalundu."

"Kidole cha delko hakiko. Mwizi alikichukua. Labda Papa iko na kingine?"

"Hayuko," akasema mama yenu.

Manirakiza alisimama kidogo pale nje. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. Kisha akasema, "Haizuru. Mumusalimie. Mumwambie asisumbuke, tutaenda kwa miguu."

Ningeweza kutoka. Ilikuwa hatua nane mpaka mlangoni, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikutoka. Wakaenda kwa miguu, Niyonsaba akimshika begani, na kwenye bariyeri mkewe wakamwachia apite, yeye wakamzuia. Hakuna aliyemwona tena mpaka leo.

Nipe maji, Noella. Kidogo tu.

Mtaniuliza nimejuaje. Mwaka wa elfu mbili nilikwenda Gatumba kutafuta bougie, yaani plagi, nikamkuta Niyonsaba sokoni, anauza mafuta ya mawese, mtoto wa kiume kando yake. Ndiye Irakoze, aliyezaliwa wiki tatu baada ya siku ile. Nilitaka kugeuka akawa ameshaniona. Alinishika mikono miwili. Alinishukuru, wanangu. Alisema, "Wengine walitufungia mulango, weye ulitupa motokari. Kama si yule mwizi." Halafu akanieleza kwamba mumewe alipokamatwa pale kwenye kamba alikuwa anasema, "Muulizeni Cyprien, fundi wa Nyamianda, yeye ananijua." Jina langu ndilo alilokuwa analitoa. Nami nilikuwa nimelala chini ya blanketi. Nilinunua kwa mama yule chupa mbili za mawese nikarudi nyumbani, na sikumwambia kitu.

Na yule mwizi, je? Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu walipotafuta mwizi walimwangukia Gratien, kwa sababu alikuwa akiuza vipande vya magari Kalundu na hakuwa na ndugu wa kumtetea. Vijana walimvunja meno mawili ya mbele. Mimi nilisimama pale. Nilikuwa na kile kidole mfukoni, na nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Mkakua mkijua nyumba ya Gratien ni nyumba ya wezi, mkakatazwa kucheza na wanawe. Aliyewakataza ni mimi.

Vita vilipoingia mjini nililivunja lile gari vipande vipande, mashine nikaizika shambani imefungwa turubai na kupakwa mawese, milango nikaiweka darini, viti kwa shangazi yenu, na kila jeshi lililopita lilikuta banda tupu. Vita vya pili nikafanya tena. Watu walisema, tazama Cyprien anavyojua kutunza. Kisha njia ya kusini ilipowaka moto nililiunganisha kwa siku mbili nikashuka Makobola, nikarudi na majeruhi wanne, na wote wanne wako hai, na kwa sababu hiyo watu wa kanisa wananiita mwema. Nawaomba, siku ya kunizika msimwache mtu aisimulie safari ile. Nimejaribu kuweka wale wanne upande mmoja na Manirakiza upande mwingine. Haiwezekani. Kila mtu ana uzito wake peke yake, hapunguziwi na mwingine.

Mlikuwa mkiuliza mbona mama yenu anakwenda misa kwa miguu hata siku za mvua, na gari liko nyumbani. Mkamwona mkaidi. Tangu alfajiri ile hakuligusa hata kwa kitambaa cha vumbi, na mpaka amekufa hakunisema, wala hakunisamehe. Alinipikia, akaniuguza, akanyamaza. Msimhesabie uongo ule. Ulikuwa wangu, yeye nilimtuma tu.

Basi sikieni ninalowaagiza, nalo si la kungoja nife. Ni leo. Saa hizi ni saa tatu, mpaka unafungwa jioni, mnayo nafasi. Mtapita kwanza Kalundu kwa Gratien. Frédéric, wewe ndiye mkubwa, utasimama mbele ya watu wa pale, si nyumbani kwake kwa kificho, utasema kwa sauti kwamba aliyechukua kile kipande ni baba yako. Akikupiga, usirudishe.

Kisha mtavuka. Noella ataendesha, maana wewe mguu wako ni mzito. Mtamwambia Niyonsaba habari yote kama nilivyoisema, na mtaisema kabla ya kumwonyesha ufunguo. Kwanza neno, gari baadaye. Msilitumie kumfunga kinywa. Akilikataa, liacheni uani kwake na karatasi zake, jina lake nimekwisha kuliandikisha. Akilia, msimbembeleze. Akiwalaani, ninyi hamkukosa, ila simameni mpaka amalize, msikilize kwa niaba yangu. Na yule mtoto, Irakoze, kama mama yake atakubali, Noella, siku moja umfundishe kazi. Mikono ya baba yake ilikuwa mizuri.

Na mwambieni hivi pia. Kama anataka... ngojeni. Kama anataka kuja kuniambia mwenyewe, macho kwa macho, mleteni. Mpeni kiti cha mbele. Nitajikaza. Mimi siwezi kwenda, lakini nitajikaza mpaka jioni, na shangazi yenu Agnès ataniamsha nikisinzia.

Sogeeni. Vichwa vyenu, nivishike. Mungu wa mababu zenu awape usingizi mtulivu. Awape mlango ambao hamtaogopa kuufungua. Frédéric, uwe mtu wa kusema mapema. Noella... mwanangu... mikono yako isikose kazi, wala moyo wako usiipende kazi ya mikono kuliko mtu. Mzae, mzeeke. Msinyamaze kama mimi.

Sasa inatosha. Msinilie hapa, jua linakwenda.

Agnès, nigeuze, nielekee mlangoni.

Nendeni, wanangu. Ninawangoja.