Sikio la Mama Léontine kwenye Tangi la Mawese

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchemsha mafuta ya mawese katika kiwanda chetu cha Kasongo, Mama Léontine Mwavita anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa mimi ndiye nitakayeshika nafasi yake Jumatatu, nami naogopa.

Alianzia kwenye mapipa yaliyochemshwa kwa moto wa kuni. Mafuta yenye maji hulia yakichemka. Maji yakiisha, hunyamaza. Alizijua sauti hizo hata akiwa amegeuka akila muhogo wake, na ole wake aliyepiga soga karibu na pipa.

Miaka miwili iliyopita ikaja mashine ya mikroonde, yaani maikrowevu kubwa ya kiwandani. Mawimbi yake hupasha moto maji yaliyoshikana na mafuta, vikaachana upesi, bila kuni wala moshi. Tuliiogopa wiki nzima. Kisha, kwa kuwa hatukuona moto chini yake, tukaacha kuiogopa, na hapo ndipo tulipokosea. Siku moja Abdoul, mwenzetu wa idara, aligusa tangi nene la mashine kwa nje, akaona ni baridi, akaanza kulegeza kifuniko. Mama Léontine alikuwa ameegemeza mpini wa upawa wake kwenye tangi, sikio lake likiwa kwenye ncha ya pili ya upawa. Ndani mafuta yalikuwa yanalia. Alimsukuma Abdoul hadi akaanguka. Kifuniko kiliruka, mafuta ya moto yakapiga ukuta nyuma ya pale Abdoul alipokuwa amesimama. Doa bado lipo, na Abdoul hulipita akiangalia pembeni.

Tangu siku hiyo hatufungui tangi kabla upawa haujasikilizwa.

Angeweza kuendelea miaka mitatu zaidi. Lakini mwezi wa tano alisikiliza, akasema tayari. Nami niliyekuwa najifunza nikasikiliza, nikasikia bado yanalia. Hakubisha. Alirudi nyuma, akangoja pamoja nasi, kisha akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi kusema sikio lake limechoka. Jambo hilo limeniogopesha kuliko lile doa, maana hata sikio lake lilikosea.

Juzi alinikabidhi upawa. Nikamwambia naogopa. Akajibu: "Iko muzuri, mwana yangu. Siku utaacha kuogopa, na wewe utoke."

Asante, Mama, kwa ngozi zetu zilizo nzima. Upumzike vema na wajukuu, ulale ushibe usingizi. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mahali pako, nimeshika upawa, nikiogopa.

Consolée, idara ya uchemshaji