Kidole cha Zinki na Siku Nne za Friza

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, walimu wetu, wanafunzi wenzetu:

Je, protini yetu imeshindwa kushika DNA kwa sababu tuliibadilisha, au kwa sababu iliharibiwa na joto? Umekuja kusikia jibu. Kwa masikitiko, hatunalo.

KARIBU

Tunakukaribisha chumba namba saba, maabara yenye sinki mbili, moja ikitoa maji. Utuwie radhi kwa harufu. Tumedeki mara mbili.

TULICHOKUWA TUKITAFUTA

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaojikunja, na namna unavyojikunja ndiyo huamua utashika nini na kufanya kazi gani. Yapo maumbo madogo yanayojirudia katika protini nyingi. Tulichagua moja, liitwalo kidole cha zinki: asidi amino nne hukamata chembe moja ya zinki, kidole kikakazika, kikaingia kwenye mfereji wa DNA na kuishika. Tulibadilisha asidi amino moja tu kati ya nne, tuone kama kidole kitalegea. Kazi hiyo ilituchukua miezi kumi na minne.

YALIYOTUPATA

Kuhusu ubovu wa friza inayohifadhi protini, tuliuandikia uongozi wa chuo barua tatu. Fundi wa maabara, tunayemwita Mjomba, alikuwa akitutania: "Mimi na friza hii tulipaswa kustaafu pamoja. Mimi niliombwa niendelee, yenyewe haikuulizwa."

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula friza ilizimika kwa siku nne. Tuliporudi tulimkuta Mjomba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mlango wa friza.

"Msifungue, wanangu," alisema. "Nimeshafungua mimi."

Tulifanya jaribio hivyo hivyo. DNA iliyoshikwa na protini hutembea polepole kwenye jeli, ule utando laini tunaoupitishia umeme, kila sampuli katika safu yake. Isiyoshikwa hukimbia hadi chini. Katika safu ya protini tuliyoibadilisha, DNA ilikuwa chini kabisa. Tulipongezana. Kisha mwenzetu mmoja akasema taratibu, "Hebu tazameni safu ya jirani." Ilikuwa ya protini ambayo hatukuibadilisha, ambayo ilipaswa kushika. Nayo haikushika.

USHAURI TULIOPEWA

Mlezi wetu, tunayemheshimu kama baba, alituambia: "Ondoeni safu ya pili. Andikeni kidole kililegea. Vitabu vyote vinasema hivyo."

Huenda vitabu vimesema kweli. Jeli yetu haijasema. Wala mlezi hakuwa na nia mbaya: anajua kuwa bila matokeo Ijumaa hii hakuna atakayehitimu, na kwamba dada yetu mkubwa darasani, mama wa watoto wawili, atapoteza kazi ya maabara ya hospitali inayomngoja hadi mwisho wa mwezi. Huyo dada ndiye aliyetuonyesha safu ya jirani.

OMBI

Tunaomba friza yenye king'ora, mtu wa kuitazama siku za mapumziko, na muhula mmoja wa kurudia kazi. Alama hatuombi.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, na akufikishe nyumbani salama.

Kabla hujasimama, mgeni rasmi, ujue kwamba jana tulikaa tukaamua. Safu ya pili hatuiondoi. Ijumaa tutawasilisha jeli nzima, na kama ni kurudia mwaka, tutarudia wote kumi na mmoja.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho, Idara ya Biokemia