Ng'ombe ya Mahari Ku Redio

Mu taxi-bus ya kwenda Muhumba, kijana alimuuliza binti aliyekaa karibu yangu: «Dada, umesema unaandika hadithi. Mashindano yenye kulipa unayapata wapi? Na mimi naandika.»

«Yangu walitangaza ku redio. Nilishinda.» Alisema hivyo huku ameinama kama mutu aliyefumaniwa.

«Félicitations! Sasa unaona haya ya nini?»

«Niliandika juu ya papa mwenye kuuzisha ng'ombe ya mahari ya binti yake, akalewea pesa yote. Ni papa yangu. Kesho wataisoma ku redio. Yeye hajui kama inamuhusu, ameita majirani wote waje kusikiliza, amenunua mpaka betri mupya.»

Nikajifanya naangalia ziwa.

«Jina lake ulibadilisha?» kijana akauliza.



Gari likasimama. Chauffeur akasema tumefika. Binti hakushuka.