Kopo la Sita na Kopo la Saba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maktaba hii, unayetuvumilia kila Jumamosi pamoja na kelele zetu. Mwenyekiti wa Klabu yetu ya Filamu za Zamani. Fundi wetu tunayemuaga leo, pamoja na mkeo, wanao, na wajukuu ambao naona wameshaanza kupiga miayo. Ndugu wageni waalikwa. Wanachama wenzangu, hasa nyinyi wawili wa safu ya pili mnaoendelea kubishana hata sasa: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi. Mwenyekiti ni mfamasia, amezoea kupima kila kitu, na amenionya mara tatu kwamba ni kumi tu. Lakini mimi nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeandika maneno ya mawakili walioomba dakika kumi wakachukua asubuhi nzima. Kwa hiyo, jamani, kaeni vizuri.

Wageni wetu, huenda mnajiuliza: hawa watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanafanya nini kila wiki kwenye chumba kile cha nyuma ya rafu za ensaiklopidia? Tunategana mafumbo. Mmoja anasimama, anaeleza kitu kimoja tu alichokiona katika filamu ya zamani, labda kofia, labda kengele ya mlango, labda mbwa mwenye sikio moja, na wengine wanataja filamu, wanataja aliyeicheza, wanataja kilichofuata. Kinyozi wetu, yule pale anayejifanya hasikii, huwatambua waigizaji kwa masikio yao. Usimwonyeshe uso, mwonyeshe sikio, atakutajia jina na mwaka. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kuhesabu sigara zote alizovuta mpelelezi katika filamu moja akapata arobaini na tatu. Kinyozi akasema arobaini na mbili, kwa sababu moja haikuwashwa. Ubishi ule ulichukua wiki sita. Nani alishinda? Msiniulize, nataka kufika nyumbani salama.

Na maoni tunayo, tena hatuyaonei haya. Mimi nasema, na nitasema mbele ya yeyote, kwamba rangi iliharibu kilio. Katika filamu isiyo na rangi, mwigizaji akitokwa na chozi unaliona linavyoshuka mpaka kidevuni. Tia rangi, utaanza kutazama mapazia. Naona Mwenyekiti anatikisa kichwa. Tikisa tu, mwenye kipaza sauti leo ni mimi.

Sheria yetu ni moja. Anayetega fumbo lazima awe ameiona filamu kwa macho yake mwenyewe. Hakuna kusimuliwa, hakuna kuchungulia kwenye simu. Ukibainika umetega fumbo la filamu usiyoiona, unatoka na hurudi. Na kwa miaka kumi na tisa, mwamuzi mwenye neno la mwisho katika haya yote amekuwa Fundi, na leo ndiyo anakiacha kiti hicho.

Kwa wasiomjua: kabla hajastaafu, Fundi aliendesha mashine ya sinema hapa mjini kwa miaka ishirini na sita. Filamu zilikuja kwa lori, katika makopo makubwa ya bati, kila kopo na kipande chake cha mkanda, na yeye alikuwa peke yake kule juu, kwenye chumba kidogo chenye joto la tanuri, akipachika kopo moja baada ya jingine. Sisi wengine tuliiona filamu mara moja, tukaondoka na kumbukumbu za kubahatisha. Yeye aliiona mchana na jioni, wiki nzima. Kubishana naye ilikuwa ni kupoteza mate bure. Tukampa jina, Fundi Asiyekosea, na sikumbuki hata siku moja alipotukataza kumwita hivyo. Cheka, Fundi, ni kweli.

Basi leo nitawaeleza kosa la Fundi Asiyekosea. Msishtuke. Ruhusa ninayo, tena aliniomba mwenyewe niliseme hapa, mbele ya wajukuu zake.

Kulikuwa na filamu moja ya mke wa mkuu wa stesheni. Wanachama mnaijua. Mke amechoka, mumewe haongei nyumbani, anaongea na treni tu. Siku moja anafunga sanduku lake, anashuka ngazi, anaondoka. Hapo kopo la sita linaisha. Katika kopo la saba anapanda ngazi zile zile na sanduku lile lile, anamkuta mume amekaa hata koti hajavua, wanatazamana, na mume kwa mara ya kwanza anamwambia, "Karibu." Mwisho.

Filamu ile ilionyeshwa hapa Jumamosi moja tu, wakati mimi na dada yangu mkubwa tukiwa wasichana. Mama alikuwa mgonjwa, haachwi peke yake, kwa hiyo tukapeana zamu. Dada akaenda onyesho la saa tisa mchana, mimi nikaenda la saa kumi na mbili jioni. Niliporudi tukaanza kumsimulia mama. Dada akasema mwanamke ameondoka. Nikasema, we, amerudi! Ameondoka, amerudi, ameondoka. Mama akasema, "Mmoja wenu alilala humo ndani," akacheka mpaka akakohoa. Yakaisha hapo. Mama alipona, akaishi miaka mingi, na hakuna aliyeikumbuka tena filamu ile.

Mpaka miaka kumi na mmoja iliyopita. Dada, ambaye alikuwa muuguzi na mwanachama wetu mzuri kuliko wengi waliomo humu, alisimama Jumamosi moja akatega fumbo: "Sanduku moja, ngazi moja. Katika picha ya mwisho, mwanamke anapanda au anashuka?" Nikaruka kutoka kitini. "Anapanda!" Dada akasema kwa utulivu wake ule, "Anashuka." Tukamgeukia mwamuzi. Fundi akatazama mikono yake, kisha akasema, "Anapanda."

Sasa niulizeni, mdogo mtu mwenye akili angefanya nini? Angechukua alama yake akakaa. Mimi sikukaa. Nilisimama katikati ya chumba nikaongea kama wale ninaowaandika. Nikasema shahidi huyu hakuiona filamu. Nikasema Jumamosi ile alituaga anakwenda sinema akaenda kwingine, na kila mtu anajua msichana anakwenda wapi anapodanganya nyumbani huku mama yake yuko kitandani. Niliyasema hayo mbele ya watu ishirini. Wengine mlicheka, na sura zenu nazikumbuka. Kura ikapigwa, sheria ni sheria. Dada alichukua mkoba wake akatoka. Tangu siku ile hakukanyaga hapa, wala hakunisemesha. Hata tulipomzika mama, alilotaka kuniambia alimpa shangazi aniletee.

Mwezi uliopita Fundi aliniita nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa, na mkewe alitutengea chai akatuacha. Akaniambia, "Binti, ile filamu ya mkuu wa stesheni. Mchana ule nilitanguliza kopo la saba kabla ya la sita."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanieleza pole pole. Asubuhi ile alisafisha mikanda yote, na alipoirudisha akabadilisha vifuniko, cha sita kikakaa juu ya kopo la saba. Alikuja kugundua dakika za mwisho, alipoona neno MWISHO linakaribia na saa bado. Akaziba mwanga kwa kiganja chake. Watu wakapiga miluzi, wakidhani umeme umekatika. Akapachika la sita mbio mbio, mwanamke akashuka ngazi na sanduku lake, na mkanda ulipoisha akawasha taa za ukumbi. Watu wakasema filamu za siku hizi bwana, ngumu kuelewa, wakaenda zao. Jioni akaionyesha inavyotakiwa. Wote wa saa tisa walimwona anaondoka, na wote wa saa kumi na mbili tulimwona anarudi.

Nikamuuliza, "Fundi, mbona siku ya fumbo hukusema?"

Akasema, "Mwenye sinema alishafariki, kazi nilishaiacha, hakukuwa na wa kunifukuza. Niliogopa tu mtaacha kuniita lile jina."

Sitawaficha, nilikasirika. Nilisimama nikaiacha chai ya watu ikiwa moto, na mama mwenye nyumba, samahani sana kwa siku ile. Nilitaka kuja hapa leo nimvue Fundi nguo mbele yenu. Lakini kadiri nilivyotembea kuelekea nyumbani ndivyo hasira ilivyonigeukia mwenyewe. Fundi alisema neno moja tu, "anapanda", na kuhusu filamu ile neno lilikuwa la kweli. Yale mengine yote aliyaongeza nani? Kopo lilibadilishwa na Fundi, sawa. Ulimi ulikuwa wa nani?

Kwa hiyo, Fundi, nakusifu, na leo sifa zangu hazina masihara. Katika miaka thelathini na mmoja mahakamani nimeandika maungamo mengi, ila machache mno ya mtu ambaye hakuna aliyemshtaki. Ungeweza kustaafu na jina lako safi, tukakupigia makofi, ukaondoka. Umechagua kumsafisha mtu mwingine kwa kujipaka tope mwenyewe. Sisi wa klabu hii tutaendelea kukuheshimu, ila lile jina tunalichukua. Limekuchosha vya kutosha.

Dada yangu yumo humu. Fundi alimwandikia barua kwa mkono wake, na amekuja, amekaa safu ya mwisho karibu na rafu ya magazeti.

Dada, shikamoo.

Kamati ilikaa Jumatano. Uamuzi wa miaka kumi na mmoja iliyopita umefutwa, na katika kitabu cha klabu imeandikwa kwamba uliona ulichosema umeona. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kurithi kiti cha mwamuzi. Nimekikataa, wamchague mwingine. Hayo ni ya klabu. Langu mimi ni hili: sikukosea siku ile, nilikusingizia. Kukosea ni kudhani kitu ni kweli, kumbe si kweli. Mimi nilikujua tangu nilipozaliwa, nilijua hujawahi kumdanganya mama, na nikasema vile kwa sababu nilitaka kushinda. Nimekukumbuka sana, dada. Nikipata habari njema mpaka leo mkono unakwenda kwenye simu kabla akili haijakumbuka. Nilikutukana mbele ya watu, naomba msamaha mbele ya watu. Nisamehe.

Subirini. Anasema kitu. Nyamazeni jamani, hata nyinyi wa safu ya pili! Dada, rudia, huku mbele hatukusikii.

Mmemsikia? Waliokaa mbele nawarudia, maana kazi yangu ni kuandika maneno ya watu bila kupunguza. Anasema: "Kaa chini. Tangu utoto wako hujui kunyamaza, na huyo mzee bado anaumwa jicho."

Miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu. Ananigombeza. Wenye dada wakubwa humu ndani wanajua nimepewa nini, na wasio nao naomba wawaulize jirani zao.

Fundi, pumzika vyema, na macho yapone uione mitaa na wajukuu hawa. Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwenyekiti, wageni na wanachama, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilioruhusiwa. Nimeamrishwa na mkubwa wangu nikae, na nakaa.

Dada, toa mkoba wako kwenye hicho kiti. Nakuja.