Bi Dombek, Adui wa Akiba

Bi Lorraine Dombek anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na tisa katika Mfuko wetu wa Amana ya Pamoja hapa Buffalo. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akimaliza kikombe cha kahawa akiwa ameketi.

Alianzia mapokezi, akahamia dawati la malipo, kisha akawa msimamizi wa wanachama. Wanachama wetu ni wazee na walemavu ambao pensheni yao inazidi kidogo kiwango cha kupata msaada wa serikali, lakini haitoshi kumlipa mtu wa kuwahudumia. Ile ziada huiweka kwetu kila mwezi, nasi tunawalipia kodi, gesi na mahitaji mengine. Kwa kuwa ziada hiyo haihesabiwi tena kama kipato chao, serikali huendelea kuwagharimia msaidizi, nao hubaki nyumbani kwao. Ila mwanachama hapewi fedha mkononi, na akifa, kinachobaki huhudumia wenzake.

Ndiyo maana mtu aliyemkosesha Bi Dombek usingizi ni yule anayeweka akiba. Mwisho wa mwezi ukikaribia alizunguka ofisi nzima, simu sikioni: "Mzee, bili ya gesi iko wapi? Usiniambie husikii baridi, theluji naiona kutoka hapa!"

Wengi mnamkumbuka Bwana Stanley Gorczak, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma hadi miguu ikamwishia nguvu, akaishi ghorofa ya pili. Alikula supu ya kopo na kuvaa koti ndani ya nyumba, ili salio lake limfae mjukuu wake, Celeste. Alipoelezwa kwamba Celeste hatapata hata senti, alikasirika, akaacha kuleta ziada. Bila ziada hiyo angempoteza msaidizi wake, Yolanda. Na bila Yolanda angepelekwa makao ya wazee. Wale miongoni mwetu waliowahi kuondolewa kwao kwa nguvu wanajua uzito wa neno hilo, "kupelekwa".

Bi Dombek akamwendea, theluji ikianguka. Yolanda ndiye aliyetusimulia.

"Nyinyi ni wezi wenye adabu," mzee alimkaribisha.

"Haya, mwizi kaja. Mbali na kumwachia mtoto hela, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kushuka chini. Mwaka wa pili huu sijakanyaga barabara."

"Sasa si ungesema, baba wee! Hicho tunalipia."

"Basi keti, unanitia kizunguzungu!"

Hakuketi. Alikuwa ameshatoka, anapima ngazi kwa mkanda wa koti lake. Kesho yake ziada ililetwa. Mwenye nyumba alikubali kiti cha kupandia ngazi kifungwe, mfuko ukamlipa fundi moja kwa moja, na kabla ya Pasaka kiti hicho kinachoendeshwa kwa umeme kilimshusha Bwana Gorczak hadi mlangoni, ambako Celeste alimsubiri wakale samaki wa Ijumaa ya Kwaresima. Aliishi pale miaka minne zaidi, akafia kitandani pake. Akaunti yake ilikutwa karibu tupu, na Bi Dombek alituonyesha salio lile kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Sasa tumegundua kwamba yeye mwenyewe ni mweka akiba sugu: likizo zake nyingi hakuzigusa, zikapotea. Kwa hiyo zawadi yetu inafuata masharti yake. Hatumpi fedha mkononi. Tumelipia moja kwa moja treni, na chumba pwani ya Maine chenye kiti kinachotazama maji. Hakuna kurudishiwa.

Asante, Bi Dombek. Keti, umalize kahawa. Tunakutakia siku nyingi njema, na usibakishe hata moja.